Msimtafute Mwenye Kosa Kwenye Sura ya Mtoto

Wadogo zangu, kuna ujumbe umenifikia ambao hauwezi kusubiri. Mwenyewe ameniruhusu niuweke hapa, bila jina.

"Dada, shikamoo. Mimi ni mama wa mtoto wa kike wa miezi mitano, ndiye wa kwanza. Mimi ni maji ya kunde, mume wangu ni mweusi. Mtoto ametoka mweupe, na pua yake si yangu wala si ya baba yake. Arobaini ilipokwisha, mama mkwe alisema mbele ya mawifi zangu kwamba huyu si damu yao. Mume wangu hakujibu kitu, ila tangu siku ile hambebi mtoto. Juzi amerudi na vyeti vya hospitali: yeye kundi A, mimi kundi A, mtoto kundi O. Ananiuliza hiyo O imetoka wapi. Dada, Mungu ni shahidi yangu, sijawahi kutoka nje ya ndoa yangu. Nifanye nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza hongera kwa kujifungua salama, maana naona katika maneno yote hayo hakuna aliyekumbuka kukupa hongera. Halafu pole sana. Sasa kaa kitako, na ukiweza mwite na mumeo asome pamoja nawe, kwa sababu nusu ya majibu haya yanamhusu yeye.

Hiyo O imetoka wapi

Imetoka kwenu wote wawili. Ngoja nikueleze polepole.

Karibu kila kinasaba tulicho nacho mwilini kina nakala mbili, moja tumepewa na mama na nyingine tumepewa na baba. Kinasaba kinachoamua kundi la damu nacho kiko hivyo hivyo. Kina aina tatu kubwa: A, B na O. A na B hujionyesha. O ikikaa pamoja na mojawapo, haionekani. Kwa hiyo mtu ambaye cheti chake kimeandikwa "kundi A" anaweza kuwa na A mbili, au akawa na A moja na O moja iliyojificha. Kipimo cha kawaida cha maabara, kile cha kuchanganya tone la damu na dawa, hakiwezi kukuambia wewe ni yupi kati ya hao wawili. Kinaona A, kinaandika A.

Sasa tuchukue mume na mke, wote kundi A, na kila mmoja ana O yake iliyojificha. Wakati wa kutunga mimba kila mzazi hutoa nakala moja tu, na wala hachagui aitoe ipi. Mtoto anaweza kupata A kwa mama na A kwa baba. Anaweza kupata A kwa mama na O kwa baba. Anaweza kupata O kwa mama na A kwa baba. Au anapata O kwa mama na O kwa baba. Njia ziko nne. Katika tatu mtoto atakuwa kundi A, na katika moja atakuwa kundi O. Nafasi 1 kati ya 4, kila mimba.

Kwa hiyo, shemeji yangu, kama unasoma: mtoto wa kundi O amepokea O moja kwa mama yake na O moja kwa baba yake. Wazazi wawili wa kundi A wanaweza kabisa kumzaa. Vyeti ulivyorudi navyo havina hata mstari mmoja unaomshtaki mkeo.

Makundi haya yaligunduliwa na Karl Landsteiner kule Vienna, akayachapisha mwaka 1901, na kazi hiyo ikampatia Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Ni kweli yapo makutano ambayo madaktari huyatilia shaka, kwa mfano mzazi wa kundi AB kuwa na mtoto wa kundi O. Lakini hata hapo kuna hali chache za nadra zinazovunja kanuni, na kuna makosa ya maabara, chupa ya huyu ikaandikwa jina la yule. Ndoa haivunjwi kwa kadi ya kliniki.

Na hii pua je?

Tuje kwenye sura. Ninyi wakwe na mawifi mnaopenda kumkagua mtoto akiwa bado kwenye khanga, sikilizeni na hili.

Kati ya mwaka 1856 na 1863, katika bustani ya monasteri mjini Brno, ambao leo uko Jamhuri ya Cheki, mtawa Gregor Mendel alikuwa akipanda njegere. Alichavusha njegere zenye punje laini kwa zile zenye punje za mikunyanzi. Watoto wa kwanza wote wakatoka laini. Ungeangalia shamba hilo ungeapa kwamba mikunyanzi imekwisha kabisa. Kisha akaiacha mimea hiyo ijichavushe yenyewe, akavuna na kuhesabu punje moja moja. Alipata laini 5,474 na zenye mikunyanzi 1,850, karibu tatu kwa moja. Mikunyanzi haikuwa imepotea. Ilikuwa imebebwa kimyakimya kizazi kizima, ikatokea kwa wajukuu. Alichapisha matokeo mwaka 1866, na ilipita miaka zaidi ya 30 kabla wanasayansi wenzake hawajaona uzito wake, mwaka 1900.

Wakulima wetu wanalijua jambo hilo bila kumsoma Mendel. Ukinunua mbegu chotara ya mahindi dukani, mwaka wa kwanza shamba linatoka sawasawa, mahindi yamelingana urefu na yanabeba kwa pamoja. Ukitunza punje za mavuno hayo ukazipanda tena, msimu unaofuata shamba linachanganyika: mengine marefu, mengine mafupi, mengine bua jembamba na gunzi dogo. Hakuna aliyeingiza mbegu ngeni usiku. Ni vile vilivyokuwa vimejificha ndani ya chotara ndivyo vimejitokeza.

Sisi binadamu tuna mchanganyiko mkubwa kuliko huo. Vinasaba vyetu vimepangwa kwenye kromosomu 46, yaani jozi 23. Yai la mama huchukua kromosomu moja tu kutoka kila jozi, na mbegu ya baba nayo hivyo hivyo. Ukipiga hesabu ya njia ambazo jozi 23 zinaweza kugawanyika, unapata njia 8,388,608 kwa mama peke yake, na nyingine kama hizo kwa baba. Hapo hatujahesabu kwamba kabla ya kugawanyika kromosomu za jozi moja hubadilishana vipande. Ndiyo maana watoto saba wa tumbo moja wana sura saba, isipokuwa pacha wa kufanana.

Sura, rangi na kimo si kazi ya kinasaba kimoja kama lile kundi la damu. Utafiti mmoja mkubwa uliotolewa mwaka 2022, uliokusanya taarifa za watu zaidi ya milioni 5, ulikuta sehemu zaidi ya 12,000 kwenye vinasaba zinazochangia kimo peke yake. Rangi ya ngozi nayo ina wachangiaji wengi. Watafiti waliopima watu wa Ethiopia, Tanzania na Botswana, matokeo yakatoka mwaka 2017, walikuta kwamba vinasaba vya ngozi nyeupe na vya ngozi nyeusi vyote vimekuwamo ndani ya Afrika tangu zama za kale mno. Kwa hiyo mtoto mweupe katika ukoo wa weusi hahitaji kuletwa na mtu kutoka nje. Weupe huo upo kwenye koo zetu wenyewe, na hujitokeza zinapokutana nakala fulani.

Zaidi ya hayo, mdogo wangu, mtoto wa miezi mitano hajamaliza kushika rangi yake. Watoto wetu wengi huzaliwa weupe, kisha rangi hukolea taratibu. Bibi zetu hawakuwa wakitazama uso. Walikuwa wakigeuza sikio la mtoto na kuangalia ukingo wake, na ngozi ya pembeni mwa kucha. Jaribu leo, mkague masikio.

Uongee nao vipi

Usianze na mama mkwe. Anza na mumeo, mkiwa wawili, mtoto ameshalala. Usimwambie "hunijali" wala "mama yako ananichukia." Mwambie hivi: "Mume wangu, vyeti vile nimevielewa, na nataka na wewe uvielewe. Twende kliniki wote wawili, daktari atueleze mbele yako." Mtu mwenye shaka anahitaji kuelezwa na mtu wa tatu ambaye hana upande. Mpe nafasi hiyo bila kumdhalilisha.

Mama mkwe aambiwe na mwanawe. Hilo si jukumu lako, na ukilibeba litakuwa ugomvi wa mkwe na mama. Wewe kazi yako ni moja: siku utakayokwenda kumsalimia, mpe shikamoo yake, mpe mjukuu ampakate, kisha muulize, "Mama, bibi yao mzaa babu alikuwa wa namna gani? Alikuwa na pua kama hii?" Wazee wakianza kusimulia koo zao huwakumbuka watu ambao hakuna aliyewahi kuwataja. Mara nyingi ile pua ina mwenyewe, amelala makaburini miaka mingi.

Na kama mumeo bado hatulii, akataka kipimo cha vinasaba, usikatae kwa hasira wala usimtishe nacho. Kwa Tanzania jambo hili lina sheria yake, ya mwaka 2009, na kipimo kinafanywa chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa maombi yanayopitia mikono inayotambulika, kama mahakama au ustawi wa jamii. Hakifanywi kwa kuiba nywele za mtoto na kumpa rafiki azipeleke mahali. Wazee walisema kitanda hakizai haramu, na walikuwa wanamlinda mtoto. Mtoto asije akakua akijua kwamba alipimwa kwa siri.

Wale mnaolaumiwa kwa kuzaa wasichana

Hili nitalipitia haraka kwa sababu jibu lake ni fupi, ingawa machozi yake ni mengi. Mama ana kromosomu X mbili, kwa hiyo yai lake daima hubeba X. Baba ana X moja na Y moja. Mbegu yenye X ikitangulia, anazaliwa msichana. Yenye Y ikitangulia, anazaliwa mvulana. Mwanamke hana Y ya kumpa mtoto. Jambo hili linajulikana tangu mwaka 1905, pale Mmarekani Nettie Stevens alipolionyesha kwa kuchunguza wadudu wadogo wa unga.

Lakini msigeuze sasa mkaanza kumlaumu baba. Naye hachagui mbegu ipi itangulie. Anayeoa mke wa pili kutafuta mvulana anakwenda na mbegu zilezile alizokuwa nazo kwa mke wa kwanza.

Mtoto mwenye ualbino ni wa wote wawili

Kuna akina mama wengi walioachwa leba na mtoto mchanga mikononi kwa sababu alizaliwa na ualbino. Wengine wameambiwa wamelaaniwa, wengine wameambiwa wamezaa na Mzungu. Haya yote ni uongo, na ni uongo uliokwishaua watu hapa kwetu.

Ualbino hurithiwa kama ile O. Mtoto hupata ualbino pale tu anapopokea nakala yenye hitilafu kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba. Mzazi mwenye nakala moja ana rangi yake kamili na hana dalili yoyote. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu 1 mwenye ualbino katika kila watu 1,400, na ukipiga hesabu kutoka hapo utakuta kwamba karibu mtu 1 kati ya 19 amebeba nakala hiyo bila kujua. Kwenye daladala iliyojaa, huenda wapo wawili, na mmojawapo anaweza kuwa wewe.

Baba anayesema "kwetu hakuna" akumbuke kwamba bila nakala yake yeye mtoto huyo asingekuwa na ualbino. Hii si lawama. Ni uthibitisho kwamba mtoto ni wake pia, na malezi ni yake pia.

Malezi yenyewe yako wazi. Mtoto avae kofia pana na mikono mirefu tangu akiwa mdogo, maana kansa ya ngozi ndiyo adui wake mkubwa. Apakwe mafuta ya kinga ya jua kila siku. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa mafuta maalumu kwa ajili ya watu wenye ualbino, kwa hiyo ulizeni kliniki ya ngozi iliyo karibu nanyi namna ya kuyapata. Apimwe macho mapema. Shuleni akae mbele karibu na ubao, na mwalimu aambiwe kwamba mtoto si mzito wa kuelewa, ila haoni mbali.

Selimundu: hapa ndipo pa kuuliza mapema

Mpaka sasa nimewaambia urithi hauna mkosaji. Sasa nawaambia kwamba una wanaojua na wasiojua, na tofauti kati yao ni kubwa sana linapokuja suala la selimundu, ambayo wengi mnaiita sikoseli.

Chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni za mviringo na zinajikunja kirahisi, zinapita hata kwenye mishipa myembamba kabisa. Kwa mtu mwenye nakala mbili za kinasaba cha selimundu, kinachoandikwa S, chembe hizo zikipungukiwa oksijeni hujipinda mfano wa mundu, zikakakamaa na kuziba njia. Hapo ndipo yanapotoka yale maumivu ya mifupa yanayomfanya mtoto alie usiku kucha. Chembe hizo pia hufa haraka, ndiyo maana damu hupungua na macho yakawa ya manjano. Chanzo chake ni herufi moja tu iliyobadilika katika kinasaba kimoja.

Mbona basi kitu chenye madhara hivi hakijatoweka? Jibu lilipatikana hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya na aliyekuwa akisomea udaktari Oxford, alichukua damu za watu wa makabila mbalimbali ya Kenya. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria alikuta zaidi ya watu 20 katika kila 100 wamebeba S. Nyanda za juu hawakufika hata 1 katika 100. Akajiuliza pwani na ziwani kuna nini ambacho milimani hakipo, na jibu likawa mbu. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba mtoto mwenye S moja hukingwa dhidi ya malaria kali. Kwa maelfu ya miaka, waliobeba S moja walipona malaria wakaishi, wakazaa, wakairithisha. Kwa hiyo aliyebeba S hana doa kwenye ukoo wake. Babu zake walipona kwa hiyo.

Bei yake ndiyo hii: wawili waliobeba wakioana, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaa mtoto mwenye selimundu. Tanzania inakadiriwa kuwa na watoto wapatao 11,000 wanaozaliwa nayo kila mwaka.

Naomba mnielewe vizuri kwenye hesabu hii, kwa sababu watu huikosea. "Moja kati ya nne" haimaanishi kwamba ukishazaa mmoja mgonjwa watatu wanaofuata watakuwa salama. Kila mimba huanza upya na nafasi ileile. Wapo waliozaa watatu mfululizo wenye selimundu, na wapo waliozaa watano bila hata mmoja.

Lugha ya vipimo ni rahisi. A hapa ni nakala ya kawaida, si lile kundi la damu A. AA hana S. AS amebeba moja, kwa kawaida ni mzima na anaishi maisha yake yote bila dalili. SS anaumwa. AA na AS wakioana, hakuna mtoto atakayekuwa SS, ingawa kila mtoto ana nusu ya nafasi ya kuwa AS. AS na AS, nimeshasema. AS na SS, kila mimba ni nusu kwa nusu.

Mkienda kupima, ombeni kipimo kinachotenganisha AA, AS na SS. Kipo kile cha awali kinachosema tu kwamba S ipo au haipo. Hicho hakitoshi, kwa sababu hakitofautishi aliyebeba na anayeumwa.

Mwambie mchumba wako lini

Kabla ya posa. Msingoje mpaka kamati ya harusi imekaa na kadi za mchango zimeshatembea, kwa sababu siku hizo hakuna mwenye ujasiri wa kusikia jibu. Na usimwambie kwa namna ya kumtilia mashaka. Mwambie, "Mimi nakwenda kupima selimundu Jumamosi. Twende wote." Anza wewe. Anayeanza kunyoosha mkono wake kwenye sindano hamtishi mwenzake.

Mkikuta wote ni AS, sitawaambia muachane, na sitawaambia muoane. Nitawaambia mlicho nacho mkononi. Mnaweza kuachana kwa heshima mkiwa bado hamjafungana. Mnaweza kuoana mkijua, mkapanga idadi ya watoto, na kila mtoto akapimwa mapema baada ya kuzaliwa ili matibabu yaanze kabla ya maumivu ya kwanza. Mnaweza kuamua kulea watoto wa ndugu au kuasili. Uamuzi wowote kati ya hayo ni wa watu wazima. Kinachonitia uchungu ni ule unaofanywa na watu wasiojua kwamba walikuwa na uamuzi wa kufanya.

Waliokwishazaa mtoto mwenye SS, msikate tamaa. Pale Muhimbili, tangu mwaka 2004, Profesa Julie Makani na wenzake wamejenga huduma na utafiti unaofuatilia maelfu ya wagonjwa, na wapo watu wazima wenye selimundu waliosoma, wanaofanya kazi na kulea familia. Mtoto mdogo akivimba vidole vya mikono na miguu bila kuumia, mpelekeni akapimwe. Dawa ya penisilini apewe kila siku katika miaka mitano ya mwanzo kama daktari atakavyoelekeza, na chanjo zake zisirukwe. Alale kwenye chandarua, maana SS haimkingi na malaria. Malaria humwangusha vibaya. Anywe maji mengi, asipigwe na baridi. Mama ajifunze kushika tumbo upande wa kushoto na kulihisi bandama, ili likivimba ghafla akimbilie hospitali. Homa kwake si ya kupewa panadoli na kusubiri asubuhi. Ulizeni kuhusu haidroksiyurea, dawa inayopunguza vipindi vya maumivu. Na kwa baadhi ya watoto sasa upo upandikizaji wa uloto, ambao Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeshaanza kuufanya.

Neno la mwisho kwa wote

Kaka zangu mnaosoma ukurasa huu kwa kuibia: mbebeni watoto wenu. Kama una swali, liulize kliniki, usilitundike usoni pa mtoto. Mawifi, wazee walisema ndugu ni kufaana, si kufanana. Shangazi anayemtenga mtoto kwa sababu ya pua amejipunguzia mtu wa kumsitiri uzeeni.

Na kwa kila mmoja wenu atakayepima mwezi huu akakuta ni AS, usiweke cheti kabatini ukanyamaza. Majibu hayo si yako peke yako. Kama wewe umebeba, basi mzazi wako mmoja angalau amebeba, na kila ndugu yako wa tumbo moja ana nafasi ya nusu au zaidi ya kuwa amebeba pia. Wapigie simu. Mwambie kaka anayetarajia kuoa, mwambie mdogo wako aliyeko chuo, mwambie dada ambaye mtoto wake huumwa viungo kila msimu wa baridi na hakuna aliyewahi kumpima. Simu moja inaweza kumfikisha mtoto huyo kliniki wiki hii.